Mtoto kutojitambua kwenye kioo

Dada, nimekuelewa: mwanao ana miezi 16, kila akiona kioo humbusu "mtoto mwenzake" na kuchungulia nyuma yake, nawe unahofia akili yake. Bado ni mapema, kwani watoto wengi hujitambua kati ya miezi 18 na 24.

Baadaye, unapomfuta uso, mpake rangi ya mdomo kidogo puani asijue, kisha msogeze kwenye kioo. Akishika pua yake mwenyewe, amejitambua. Binti yangu, akiwa na miezi 20, aliisugua kwa kiganja mpaka rangi ikaenea shavuni. Jaribio kama hili ndilo mwanasaikolojia Gordon Gallup aliwapima nalo sokwe, kwa alama nyekundu usoni, mwaka 1970.

Hata hivyo, usilitegemee mno jaribio hili: watoto wengi wa Kenya waliowahi kupimwa, hata wenye zaidi ya miaka 3, walijitazama kimya bila kuigusa alama, na hiyo haikuwa dalili ya kasoro. Mimi ningeangalia zaidi kama anageuka ukimwita, anakuonyesha vitu kwa kidole na kukutazama machoni. Akikosa hayo, au akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, mpeleke kwa daktari wa watoto bila kungoja.