Msigawane Kuta

Mwanangu,

Mbukwa. Unasema galari imewaachia ninyi wanafunzi watano wa fildi ukumbi mzima mpange maonesho ya wiki tatu, kazi 40 zimeshakusanywa, na kila mmoja wenu anataka ukuta wake. Unauliza muanzie wapi.

Muanzie hapo hapo kwenye kuta: msigawane. Ukuta ukishakuwa wa mtu, hatakubali picha yake ishushwe, na mtaishia na maonesho matano madogo yaliyobanana. Gawaneni majukumu. Mmoja ashike mikataba na usafirishaji, mwingine maandishi, wa tatu vipimo na utundikaji, wa nne taa na usafi, wa tano matangazo na ufunguzi. Kuchagua kazi mchague wote, lakini mmoja awe na neno la mwisho, na hilo mlikubali mapema. La sivyo mtabishana hadi usiku wa kuamkia ufunguzi huku picha ziko sakafuni.

Kabla ya kuchagua, andikeni sentensi moja inayosema maonesho yanahusu nini. "Utamaduni wa Dodoma" ni kapu, kila kitu kitaingia. Jaribuni wazo jembamba, kwa mfano rangi nyekundu: kutoka michoro ya miamba ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, hadi rangi ya mafuta ya kopo waliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata. Kule ni udongo wenye chuma, huku ni rangi ya dukani. Mara moja mnajua kipi kinaingia na kipi kinabaki stoo, hata kama ni kizuri. Miamba haihami, kwa hiyo mtaweka picha za kamera. Lebo iseme wazi kuwa ni picha, imepigwa na nani, na mchoro wenyewe una ukubwa gani. Katika kazi 40, kwa ukumbi wa kawaida, 15 hadi 18 zinatosha.

Kila kazi inayoingia iwe na karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba: jina la kazi, thamani yake, tarehe ya kupokea na kurudisha, nani analipa usafiri, galari inachukua asilimia ngapi ikiuzwa, na ruhusa ya kuipiga picha. Hiyo ruhusa msiipuuze. Aliyenunua mchoro hakununua haki ya kuuchapa kwenye bango. Hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa msanii. Ya pili ni ya hali ya kazi: picha za mbele, nyuma na pembe nne, na kila mkwaruzo uandikwe, msanii au dereva akiwa bado amesimama hapo. Akishaondoka, mkwaruzo ni wenu.

Michoro ya rangi ya mafuta isilazwe uso kwa uso. Kwa joto letu hugandana, na ukiitenganisha rangi inabanduka. Plastiki yenye viputo nayo huacha alama za duara. Tangulizeni karatasi laini isiyonata. Vinyago vya mpingo kutoka pwani viacheni ndani ya boksi siku nzima kabla ya kufungua, kisha viwe mbali na feni na dirisha. Hewa kavu ya huku hupasua mti uliozoea unyevu, hasa kiangazi.

Sasa kutundika. Pangeni kwanza sakafuni, picha zikiegemea ukuta, na mziache hivyo usiku mmoja. Asubuhi mtaondoa mbili au tatu bila kugombana. Katikati ya kila picha iwe sentimita 150 kutoka sakafuni, picha kubwa kwa ndogo. Wengi husawazisha kingo za juu, na ukuta unaonekana umeinama. Kupata sehemu ya skrubu: chukua 150, ongeza nusu ya urefu wa fremu kwenda juu, toa umbali kutoka ukingo wa juu hadi waya wa kutundikia ukiwa umevutwa. Fremu ya sentimita 70 ambayo waya wake uko 8 chini ya ukingo: 150 na 35 ni 185, toa 8, unapata 177. Vuta waya kwa kidole unapopima, maana uliolegea utakudanganya.

Kwa upana, ukuta wa mita 6 wenye picha nne zinazofikisha jumla ya sentimita 290 unabakiwa na 310. Wekeni 50 katikati ya picha na picha, yaani 150, halafu 80 kila mwisho.

Msipigilie misumari ya zege. Lipu yenye mchanga mwingi inapasuka, na msumari unabaki umeshika lipu tu. Toboeni kwa drili ya milimita 6, kina cha sentimita 5 ili mfike kwenye tofali, muingize kipande cha plastiki cha kushikia skrubu, ndipo skrubu yenyewe. Fremu pana ipate skrubu mbili zilizosawazishwa kwa pima maji, la sivyo kila mlango ukifungwa kwa kishindo itapinda.

Taa zishuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima. Mkiziweka karibu mno na ukuta, fremu inatupa kivuli juu ya picha. Mbali mno, mtazamaji anakinga mwanga wake mwenyewe. Kazi za karatasi, batiki na rangi za maji zisizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Za mafuta na akriliki zinavumilia 200. Programu ya simu itawapa makadirio. Madirisha ya magharibi yafunikwe.

Lebo ziandikwe kwa Kiswahili kwanza, herufi za pointi 18 au zaidi: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, malighafi, kipimo (urefu kabla ya upana). Maelezo ya ukutani yasizidi maneno 150. Gundi ya tepu huyeyuka mchana, kwa hiyo jaribuni lebo moja siku mbili kabla ya kubandika zote.

Vumbi mnalijua. Deki kwa kitambaa kibichi kila asubuhi, msifagie. Picha zipanguswe kwa brashi laini kavu, kamwe si kwa kitambaa chenye maji.

Siku ya kushusha, zile karatasi za hali ya kazi zitolewe tena, kila kazi ikaguliwe kabla ya kufungwa, na anayeipokea atie saini. Tengeni pia siku moja ya kuziba matundu na kupaka rangi. Wanafunzi wengi huisahau kwenye ratiba.

Nitumie mchoro wa ukumbi wenye vipimo, na uniwekee alama mahali palipo na milango na swichi.

Baba yako