Mpiga tarumbeta akifundisha, ndo kaishiwa?

SWALI: Shikamoo mhariri. Napiga tarumbeta kwenye bendi ya jazi na mambo si mabaya, sasa nimepata ofa ya kufundisha watoto muziki, wenzangu wananicheka eti mwalimu ni mwanamuziki aliyeishiwa pumzi. Kuna aliyewahi kufanya yote mawili na jina likabaki? – Msomaji wenu, mpuliza tarumbeta

JIBU: Marahaba. Hao wenzako waulize kama wanamjua Clark Terry. Jamaa kazaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1920, nyumba ya watoto 11, tarumbeta lake la kwanza kajitengenezea mwenyewe kwa kipande cha mpira wa maji, faneli na kibomba, kelele zikawachosha majirani mpaka wakachanga hela wakamnunulia la kweli la mtumba (majirani wa kuombewa dua hao).

Kuanzia 1948 yuko kwenye bendi ya Count Basie, 1951 mpaka 1959 kwenye ya Duke Ellington, yani bendi mbili ambazo mpiga jazi yeyote angeziota usiku. Sasa sikia. Ni akiwa kwa Basie, kazi ya usiku imeisha na usingizi umemlemea, kule Seattle kuna kijana anamgongea alfajiri kabla ya kwenda shule anataka somo, na Terry anaamka anamfundisha. Kijana mwenyewe Quincy Jones, yule aliyekuja kuwa mtunzi na mtayarishaji mkubwa wa muziki. Mwaka 1959 Quincy kaunda bendi kubwa ya kwenda Ulaya, na Terry kamuacha Ellington akaenda kupiga chini ya mwanafunzi wake! Kwahiyo hakufundisha baada ya kuishiwa, alifundisha akiwa bado anapanda.

Na baada ya hapo hakushuka. 1960 kaajiriwa NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, mmoja wa Weusi wa kwanza kwenye orkestra za kudumu za pale, akawa kwenye bendi ya Tonight Show, kipindi chao cha usiku, mshahara unaingia, jioni klabu, na katikati anazunguka mashuleni na kwenye kambi za muziki, na Harlem, mtaa wa Weusi kule New York, kaanzisha bendi ya vijana. Huo mshahara usiudharau, ndo ulimpa nafasi ya kufundisha bila kuhesabu kila senti. Ukija kwenye upigaji wenyewe, alikuwa anashika tarumbeta mkono mmoja na flugelihoni (ndugu wa tarumbeta mwenye sauti laini) mkono mwingine anajijibu mwenyewe, mambo ya mtu aliyeishiwa pumzi kweli hayo?

Alichowafundisha vijana ni hatua tatu: iga, meza, halafu buni chako. Ukiwa unafundisha hivyo inabidi uvunjevunje solo za wakubwa vipande vipande mbele ya mtoto, na hapo wewe mwenyewe unasikia vitu ulivyokuwa unavipita tu, mimi naona hiyo ndo faida ambayo wenzako hawaioni. Uzeeni kisukari kilimnyang'anya macho, na bado akawa anamfundisha mpiga piano kijana asiyeona, Justin Kauflin, usiku kucha akiwa kitandani. Amefariki 2015.

Ila nisikudanganye, kufundisha kunakula muda na midomo ya mpuliza tarumbeta inataka mazoezi kila siku. Ofa ichukue, ila kubaliana nao masaa mapema, mazoezi yako ufanye kabla ya watoto kufika maana ukitoka darasani umechoka hutagusa kitu, na siku za shoo za bendi ziwe kwenye mkataba kabisa, kwa maandishi.