Waya wa tatu si pambo

Jumanne kijana wetu wa mafunzo kaja kuniomba kebo ya waya mbili, anakwenda kufunga Pt100 ya waya tatu, ile sensa ya joto ya platinamu ambayo ukinzani wake hupanda joto likipanda. Ule wa tatu utaupeleka wapi? "Naunga na mwenzake, bosi, si zote nyekundu?" Nikavuta kiti. Wadogo zangu, sensa hii siyo ile ya kuhesabu watu, lakini nayo ukiikosea hesabu zote zinaharibika.

1. Anza na joto lenyewe, usianze na kilichobaki stoo. Nyuzi 72 unazotaka kwa usahihi ni kazi ya Pt100. Moshi wa boila na tanuri ni thamokapo aina ya K, sensa ya waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha.

2. Waya wa tatu. Mwaka wangu wa pili kazini, kiwanda cha maziwa. Pasteraiza, mashine ya kuua vijidudu vya maziwa kwa joto, inataka nyuzi 72 kwa sekunde 15, pungufu ya hapo vali inayarudisha maziwa nyuma. Saa nane usiku panya wametafuna kebo, tangi limejaa, msimamizi wa zamu kanisimamia kichwani kama mdai. Nikapata kebo ya waya mbili ya milimita mraba 0.75, mita 25 mpaka kwenye paneli. Kwenye kontrola, kifaa kinachosoma sensa na kuamrisha vali, nikapiga jampa: kipande cha waya cha kuziba nafasi ya waya wa tatu. Skrini ikasoma 72.4. Nikaletewa chai.

Asubuhi maabara wakasema fosfatasi, kimeng'enya cha maziwa mabichi, bado ipo hai kwenye maziwa, na hiyo ndiyo inayotakiwa kufa. Wakalaumiwa wao, ikalaumiwa dawa yao, na mimi nipo palepale nimeshika bisibisi, kimya. Akaja mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Akaponda barafu, akaitia kwenye chupa ya chai na maji kidogo, akatumbukiza sensa. Skrini: 3.1. Akanigeukia. "Barafu ya nyuzi tatu umeiona wapi, mwanangu?"

Mita 25 kwenda, 25 kurudi, hiyo ni kama omu 1.2 za ukinzani wa kebo. Pt100 huongeza omu 0.385 kwa kila nyuzi. Gawanya mwenyewe. Maziwa yalipita kwenye 69 usiku kucha, na vali ilikuwa inamsikiliza mwongo yuleyule. Waya wa tatu kazi yake ni kumwezesha kontrola kuupima ukinzani wa kebo na kuutoa. Mimi nilimziba macho kwa jampa ya sentimita nne. Tulichana pakiti kwa visu mpaka magharibi, moja moja, maziwa yanatuingia kwenye viatu. Mpaka leo nikinusa mtindi natazama miguu yangu.

3. Thamokapo ina kebo yake ya fidia. Ukiiunga kwa waya wa shaba wa kawaida, skrini itakosea kwa tofauti ya joto kati ya kichwa cha sensa na paneli. Na rangi: kebo ya Kimarekani, nyekundu ni hasi. Ndiyo, hasi. Mmoja wenu kabisha wiki iliyopita, akaunga kinyume, tanuri likizidi kuwaka namba zikawa zinashuka, naye anagonga skrini kwa kidole.

4. Sensa ifike mwisho wa poketi, ile mrija wa chuma inamokaa, na poketi izame angalau mara kumi ya unene wake. Nimeshakuta sensa fupi ndani ya poketi ndefu, inapima hewa kwa miezi, na kila zamu inajaza daftari bila wasiwasi.

5. Kabla ya kukabidhi, barafu. Chupa ile mzee aliniachia, iko juu ya kabati la zana. Nani kaitia chai jana?