Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Dakota Ilibeba Petroli Ndani?

SWALI: Ndugu Mhariri, asalaam alaikum. Marehemu babu yangu alikuwa akijaza mafuta katika ndege za Dakota hapa uwanja wa Tanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alitusimulia kwamba wakati wa vita ndege hizo zilifungwa matangi ya ziada ndani, pale pale wanapokaa watu, na kwamba yapo matangi yaliyojiziba yenyewe yakipigwa risasi. Vijana wa barazani kwetu hawasadiki. Je, ni kweli? Msomaji wa Ngamiani, Tanga.

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema kweli katika yote mawili, ila yasichanganywe, kwani tangi la ndani liliwekwa ili ndege ifike mbali, na tangi la kujiziba liliwekwa ili ndege isiungue.

Dakota ni jina ambalo Waingereza waliipa C-47, ndege ya kijeshi iliyotokana na DC-3 ya kampuni ya Douglas, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935. Ilikuwa na matangi manne katika sehemu ya kati ya bawa, yenye jumla ya galoni 804 za Kimarekani, yaani karibu lita 3,040. Injini zake mbili zilitumia takriban galoni 90 kwa saa, hivyo mafuta hayo yalitosha kwa saa tisa hivi, bila akiba ya kutosha endapo upepo ungekuwa wa mbisho. Sasa chukua safari ya kutoka California hadi Hawaii, zaidi ya kilomita 3,800 za bahari tupu, ambayo kwa mwendo wa Dakota ni saa 15. Ndiyo maana ndege zilizopelekwa vitani Pasifiki zilifungwa sakafuni matangi ya galoni 100 kila moja, yakaunganishwa kwa mabomba na mfumo wa mafuta wa ndege.

Petroli ya tangi moja la namna hiyo ina uzito wa kilo 270 hivi. Matangi sita ni zaidi ya kilo 1,600, ilhali shehena ya kawaida ya ndege nzima ilikuwa kama kilo 2,700. Kwa hiyo ndege iliyobeba mafuta ya kuvukia bahari haikuwa na nafasi kubwa ya kubeba kitu kingine, na ilipofika matangi yaliondolewa ili ianze kazi yake. Ndege za abiria za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki zilizotua Tanga hazikuwa na haja nayo, kwa sababu kutoka hapa hadi Mombasa au Dar es Salaam ni mwendo mfupi. Fundi alipanda juu ya bawa, akafungua vifuniko na kujaza matangi ya kawaida.

Tangi la kujiziba lina matabaka ya mpira. Yapo ya mpira uliopikwa kwa salfa, ambao hauathiriwi upesi na petroli, na katikati limo tabaka la mpira mbichi. Risasi inapopita, petroli huvuja na kuugusa mpira mbichi, nao hufura na kulibana tundu. Hufaa kwa risasi za bunduki; kombora kubwa la mzinga hulipasua tangi lote. Gharama yake ni uzito, na unene wa mpira hupunguza nafasi ya mafuta. Tena mpira wenyewe uliadimika baada ya Wajapani kuiteka Malaya na Java mwaka 1942, hata Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa na Wajerumani, yakiwemo ya upande wa Muheza, yakafufuliwa na kugemwa upya.

Ndege za kivita ndizo zilizotangulizwa, na ndege za usafirishaji zikawekwa nyuma ya foleni, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kosa, maana ndege inayodondosha askari wa miamvuli hupita chini, polepole na kwa mstari ulionyooka, juu ya bunduki za adui. C-47 nyingi zilizopeleka askari wa miamvuli Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 hazikuwa na matangi hayo. Tarehe 24 Machi 1945, katika kuvuka mto Rhine huko Ujerumani, C-47 nyingi zilikuwa zimeshafungwa matangi hayo, lakini C-46, ndege kubwa zaidi iliyosifiwa kwa sababu askari waliweza kuruka kupitia milango miwili kwa pamoja, haikuwa nayo. Petroli iliyovuja katika mabawa ilitiririka kuelekea kiwiliwili cha ndege na kuwaka. Kati ya ndege 72 za C-46 zilizotumwa siku hiyo, 19 zilipotea, na Jenerali Matthew Ridgway wa Marekani, aliyeongoza askari hao wa miamvuli, akakataza zisitumike tena kudondosha askari wa miamvuli.