Usiuze cherehani ya Butterfly ya bibi kwa sababu ya uzi

Dada, umeuliza kama uiache Butterfly ya miguu uliyoachiwa na bibi ununue ya umeme, kwa kuwa uzi unajisokota chini ya kitambaa. Bado mapema. Uzi ukijisokota chini, mara nyingi kosa liko juu: umetunga uzi huku mguu wa kubana kitambaa umeshushwa, basi uzi haukuingia katikati ya visahani vya kuukazia. Inua mguu, tunga upya, kisha ushushe.

Halafu badilisha sindano, weka mpya namba 14 kwa kitenge. Isukume mpaka juu kabisa, upande bapa utazame inakokaa bobini (kigurudumu cha uzi wa chini). Ikigeuzwa inaruka mishono, na hapo wengi huanza kulaumu mashine. Vumbi la nyuzi kwenye meno yanayosukuma kitambaa na nyumba ya bobini litoe kwa brashi, tone moja moja la mafuta ya cherehani kila tundu (ya kupikia yanaganda, tafadhali), kisha shona kipande cha majaribio. Mkanda wa gurudumu ukiteleza, kata sentimita moja, toboa tena, funga.

Ukichoka kukanyaga, fundi anaweza kuifungia mota ubavuni.

Kitakachokulazimu kununua nyingine ni aina ya kazi. Hii inashona mstari ulionyooka tu. Ukianza vitambaa vya kuvutika kama vya fulana, au matundu ya vifungo kila siku, utahitaji ya zigizaga, yaani inayoshona kwa kwenda kushoto na kulia. Na hata hapo, ya zamani ibakize kwa jinzi.