Pikapu za besi: pima kwanza, nunua baadaye

Tanga besi haifichiki. Tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya hapa imebebwa na gitaa la besi, na besi ikififia harusini, kina mama ndio wa kwanza kugeuza shingo. Basi vijana wananiletea magitaa: "Kaka, pikapu zimekufa."

Mara nyingi hazijafa. Pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa, ni sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, haichoki ovyo. Kinachoharibika upesi huku pwani ni jeki (tundu la kuchomekea waya) na potensiomita (vidude vya kuzungusha volyumu na toni), kwa chumvi na unyevu. Safisha hivyo kwanza. Weka nyuzi mpya. Pandisha pikapu kidogo kwa bisibisi, ila usizidishe, maana sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi na noti inayumba.

Bado? Chukua multimita, ile mita ya kupimia umeme. Pikapu ya Jazz Bass husoma ukinzani wa kama kiloomu 7 au 8, ya Precision, aina nyingine ya gitaa la besi, 10 na ushei. Isiposoma chochote, waya umekatika ndani. Hapo nunua.

Ila pima urefu kabla ya kuagiza! Pikapu mbili za Jazz Bass hazilingani: ya upande wa daraja (kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa) huwa ndefu kwa milimita 3 hivi. Ukiagiza mbili za aina moja utaishia kuchonga mbao, na mbao ikishachongwa hairudi. Pikapu za betri ya volti 9 zina sauti safi, sikatai, lakini mpiga besi wa harusi za usiku kucha mimi humshauri abaki na za kawaida na potensiomita za kiloomu 250. Betri haikupigii hodi kabla ya kuzima.

Kazi yenyewe ya kubadilisha pikapu, fundi redio yeyote wa Ngamiani, hapa Tanga, anaiweza. Piga picha nyaya zote kabla ya kugusa risasi ya kulehemu, na usiusahau waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja. Ukiuacha, besi itavuma.

Kabla ya kufunga, chomeka kwenye amplifaya, igonge kila pikapu taratibu kwa bisibisi, kisha fungua volyumu zote mbili. Kila moja ikilia vizuri peke yake lakini pamoja sauti inakonda, zinapingana: geuza nyaya mbili za pikapu moja, ujaribu tena, ndipo ukaze skrubu.