Dizeli kuukuu inapokula oili: usikimbilie ringi

Somo hili mimi nimelilipia kwa injini nzima. Nilikuwa bado mtu wa kushikishwa spana, ikaja dizeli ya turbo (kipulizo kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) inayomaliza oili huku ikitoa moshi wa buluu. Nikatamka kwa kujiamini: ringi za pistoni zimekwisha. Tukashusha injini, tukaweka ringi mpya, tukabadilisha gasketi zote. Baada ya siku chache gari likarudi na moshi uleule. Fundi mzee akafungua mpira wa kupumulia injini, akauinua juu tuuone. Ulikuwa umeziba kwa uchafu mgumu kama lami. Kuuzibua hakukuchukua hata nusu saa.

Nikueleze kwa nini mpira ule ulitudanganya. Injini yoyote huvujisha gesi kidogo kupitia kwenye ringi kwenda chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na gesi hiyo lazima itoke. Ikizuiwa, presha hupanda ndani na kusukuma oili kwenye kila sili iliyochoka. Kwenye turbo hali ni mbaya zaidi. Oili huingia turbo kwa presha ya pampu, lakini hurudi sampu kwa kuteremka tu yenyewe. Sampu ikiwa na presha, oili hukwama njiani, turbo inajaa, na sili zake zinaachia oili iingie upande wa hewa au upande wa eksozi. Ukiona moshi huo utaapa kwamba ni ringi.

Kwa hiyo mwenye gari akikwambia "linakula oili", kwanza pima. Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imepata moto kisha izimwe, usubiri dakika 5 hadi 10 oili iteremke. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita, liendeshwe kilomita 500, upime tena vilevile. Kwa magari mengi, kati ya alama mbili za dipstiki (kijiti cha kupimia oili) pana takriban lita 1. Wapo watengenezaji wanaohesabu hata nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa matumizi ya kawaida, na gari la namna hiyo unaweza kumrudishia mwenyewe bila kufungua nati hata moja. Hakikisha pia oili iliyomo ndiyo iliyopangiwa injini hiyo. Dizeli ya zamani iliyozoea oili nzito ya 15W-40, ukiitia oili nyepesi, itaanza kupunguza oili ambayo jana haikupungua. Weusi wa oili usikutishe. Dizeli huichafua kwa masizi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa.

Baada ya hapo jiulize inatokea wapi: inamwagika nje, inaungua, au inaingia kwenye maji ya rejeta.

Ya nje ni rahisi ukiwa mvumilivu. Osha injini, ikauke, iendeshe, kisha tazama kwa taa. Upepo huisukuma oili nyuma na uzito huivuta chini, kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Anayeangalia tone linapoangukia hulaumu sili ya nyuma ya kranki, kumbe ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini. Usidanganyike na sakafu safi pia. Lita 1 ni matone 20,000 na zaidi, na uvujaji mwingine hutokea injini ikiwa inafanya kazi tu, presha inapokuwa juu. Kagua swichi ya presha ya oili, mipira ya kupozea oili, na pampu ya vakyumu ya breki, ambayo kwenye dizeli nyingi za zamani imefungwa nyuma ya altaneta. Oili ikianza kumwagika kwa wingi mara tu baada ya sevisi, fungua filta. Mara nyingi utakuta raba ya filta ya zamani ilibaki imeganda, ikafungiwa juu yake raba mpya.

Ya kuungua, soma moshi. Buluu ni oili. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Mweupe unaowasha macho ni dizeli isiyoungua. Moshi wa buluu ukitoka kwa wingi asubuhi kisha ukakata, sili za valvu zinadondosha oili usiku. Lakini usilihamishe somo la petroli lilivyo. Dizeli nyingi za zamani hazina kizuizi kwenye njia ya hewa, hivyo hazinyonyi oili kupitia kwenye valvu kwa nguvu kama petroli.

Kisha vua bomba la hewa la turbo. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Oili iliyotuama si kawaida. Shika shafti ya turbo: ikicheza kidogo kwa pembeni haina neno, ikicheza mbele na nyuma au mapanga yakigusa nyumba yake, turbo imekwisha. Na hapa niwe mkali kidogo: turbo inayomwaga oili kwenye njia ya hewa inaweza kuifanya injini ijiendeshe kwa oili yake yenyewe, ipande mizunguko, na ukizima ufunguo haizimi. Ikitokea hivyo, ziba njia ya hewa kwa ubao bapa, kamwe si kwa mkono. Kwa gari la gia za kawaida, tia gia kubwa, kanyaga breki hadi mwisho, uachie klachi ife.

Dipstiki ikipanda badala ya kushuka, usifurahi. Nusa oili, huenda dizeli inavujia ndani kutoka kwenye nozeli au pampu, na inaweza kuficha oili inayopungua.

Kompresheni pima mwisho, kwa geji ya dizeli. Injini isiyochoka hutoa bar 20 hadi 30 au zaidi, na geji ya petroli haifai. Ule ujanja wa kutia oili ndani ya silinda kisha kupima tena uuache: nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, oili huijaza na kukupa namba ya uongo, au pistoni igonge oili isiyobanika na kupinda konrodi, fito inayoiunganisha na kranki. Bora utie hewa ya kompresa na usikilize inatokea wapi. Ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, sasa unaweza kuzitaja ringi. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, angalia gasketi ya silinda hedi.

Jambo jingine ambalo sikuambiwa mapema: ukibadilisha turbo, fungua intakula (kipoza hewa ya turbo) uimwage oili yote kabla ya kuwasha. Oili iliyolala humo inatosha kuikimbiza injini siku hiyohiyo. Ile iliyobaki kwenye eksozi itaendelea kutoa moshi kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo mwambie mwenye gari mapema, kabla hajakupigia simu.